Vitabu Sitini vya Kutisha na Mama Asiyetishika

Rage Mahat,
Dalali wa Mifugo,
kwa anwani ya shemeji yangu mwenye duka la simu,
Garissa.

Kwa Bi. Sadia Abdiwahab,
Msimamizi,
Maktaba ya Jamii ya Ukingoni,
Garissa.

KUH: KUKATAA KWAKO KUNICHAGULIA KITABU, NA YALIYONIPATA BAADAYE

Mheshimiwa Msimamizi, binti wa watu wema,

Assalamu alaykum. Natumai barua hii inakukuta mzima, na kwamba feni ya maktaba imetengenezwa, maana siku niliyokuja ilikuwa inazunguka kwa heshima tu, upepo hakuna. Mimi ni yule mzee wa koti la kijivu aliyesimama mbele ya rafu ya riwaya za kutisha mpaka ukaja kumwuliza kama anajisikia vizuri. Nilikuwa najisikia vizuri. Nilikuwa nimekasirika, ila kwa kuwa wewe ni mdogo kwangu kwa umri na mkubwa kwa elimu, nilinyamaza nikaondoka. Leo nimeona niandike.

Kabla sijafika kwenye malalamiko, nikueleze kisa chenyewe, usije ukadhani mimi ni mtu wa kupoteza wino. Mama yangu, Hooyo Ardo, ameishi pande za Balambala maisha yake yote, yeye na ngamia wake. Ukame ulipowamaliza ngamia, nilikwenda kumchukua kwa pikapu nikamleta kwangu mjini. Hakukataa. Hilo ndilo lililonitia wasiwasi, kwa sababu mama hajawahi kukubali jambo langu lolote bila kulikataa kwanza. Alilala kwenye kitanda nilichomnunulia, akageukia ukuta, akabaki hapo. Chakula anaonja tu. Akiulizwa hali anasema amemaliza. Macho yake yalikwisha zamani, lakini masikio ni mazima kuliko yangu, na daktari aliyempima alisema mwili nao hauna neno, ni uzee.

Mimi si daktari. Lakini nimekaa na wanyama na watu miaka mingi, na nijuavyo mimi, anayeogopa bado anataka kubaki. Mbuzi asiyeshtuka ukipiga makofi karibu na sikio lake, humnunui. Kwa hiyo niliamua kumtisha mama yangu. Nilifikiri nikimtisha vizuri, hata mara moja tu, atageuka kutoka ukutani, atanishika mkono kama watu wanavyoshikana wakiogopa, na tutaanza upya kutoka hapo. Mke wangu, Kinsi, aliposikia mpango huu alisema maneno yasiyofaa kuandikiwa ofisi ya umma. Hata hivyo hakuwa na mpango mwingine.

Ndipo nilipokuja kwako nikauliza ni nani humu nchini anayetisha kuliko wote, nawe bila kusita ukanionyesha vitabu vya Bwana Mwandaro Kombo. Kwa hilo nakushukuru. Malalamiko yangu ni kama yafuatavyo.

1. Vitabu ni vingi mno. Nilivihesabu kwa kidole, vikapita sitini, nawe ukaongeza kwa furaha kwamba Bwana Kombo hutoa vingine viwili kila mwaka. Bi. Sadia, mtu mmoja anatoa wapi hofu ya kujaza vitabu sitini? Mimi hofu zangu zote nikiziandika hazijazi daftari la mtoto wa shule, na moja kati yake ni mbwa wa jirani. Mama amepita miaka themanini, kwa jinsi anavyokumbuka mvua. Nami nasoma polepole, kwa kuwa kila sentensi lazima niigeuze kutoka Kiswahili kwenda Kisomali kichwani kabla haijatoka mdomoni. Kitabu kimoja kinanichukua karibu mwezi. Piga hesabu mwenyewe. Sisi miaka mitano hatuna. Huenda hata mvua zijazo hatuna. Mtu aliye katika hali yetu anahitaji kitabu kimoja tu, kile kinachotisha kuliko vyote, na anakihitaji leo. Idadi hiyo nilimficha mama, nisije nikamvunja moyo kabisa.

2. Nilikuuliza kwa adabu nianze na kipi. Ukatabasamu ukaniambia, "Mzee, vyote ni vizuri, inategemea unapenda nini." Nimelifikiria jibu hilo sana. Dalali wa sokoni kwetu akimwambia mnunuzi kwamba mbuzi wote ni wazuri, inategemea unapenda nini, Jumatano ijayo, siku ya soko, hatamwona mtu mbele yake. Dalali ni mdhamini. Ninaposhika mkono wa mnunuzi chini ya shuka na vidole vyetu vikapatana bei bila mtu wa tatu kuona, kuanzia hapo mnyama yule yuko shingoni mwangu. Akiwa wa wizi, natafutwa mimi. Akiwa mgonjwa, naletewa mimi, hata kama niko msikitini. Wewe uliniwekea kitabu mkononi, ukapiga muhuri, na hukudhamini kitu zaidi ya tarehe ya kurudisha. Sisemi ni dhambi. Nasema sokoni usingedumu.

3. Kwa hiyo nililazimika kuchagua mwenyewe, na nilichagua kwa njia ninayoijua, yaani kwa uzito. Nilivipima mkononi kimoja kimoja (uliniona, ukajifanya hukuniona) nikachukua kizito kuliko vyote, kile kiitwacho *Aliyebaki Ghorofani*. Ni habari ya familia inayohamia nyumba ya ghorofa kule Mombasa, ambamo mna mtu aliyekufa zamani na hataki kuondoka. Milango inajifunga. Ngazi zinalia. Mama wa nyumba anaamka na kukuta nywele zake zimesukwa na mkono asioujua. Mimi nilikuwa nasoma nikiwa nimebana mgongo ukutani, kisije kitu kikapita nyuma yangu. Nilipofika hapo pa nywele, mama aligeuza kichwa, kwa mara ya kwanza tangu aje mjini. Nikajua tumefaulu. Akauliza kwa nini hawahami.

Nikamwambia ile ni nyumba ya mawe. Akasema nyumba ikiwa mbaya inavunjwa, miti na mikeka inapakiwa juu ya ngamia, watu wanaondoka kabla jua halijawa kali, na huyo maiti anaachiwa uwanja wake. Nikamweleza kwamba nyumba ya mawe haipakiwi. Akauliza, sasa waliijenga ya nini. Nikatafuta jibu mpaka ukurasa wa mwisho, Bwana Kombo hakuliandika. Kuanzia siku hiyo kila nikifungua kitabu ananiuliza kama wamehama tayari. Akauliza pia kama katika nyumba nzima hakuna hata mmoja anayejua kusema Bismillahi. Watu wale wasiohama walimuudhi kiasi kwamba alimaliza kikombe kizima cha chai akiwasema. Hofu, hata kidogo, hakuna. Kitabu hicho nilikurudishia kama mnyama mwenye ila, nawe ukakirudisha rafuni bila hata kuona haya.

4. Safari ya pili nilichagua kwa umri. Nilikuomba kitabu cha kwanza kabisa alichoandika, kwa kuwa mzaliwa wa kwanza ndiye anayebeba heshima ya nyumba. Ukanipa *Kisima Hakilali*. Humo mna kisima kinachoita watu kwa majina yao, na anayeitika haonekani tena. Kwa sababu ya kitabu hicho nimeacha kupokea simu za namba nisizozijua, na mimi ni dalali, simu za namba nisizozijua ndizo chakula changu.

Mama akauliza kina cha kisima. Hakikuandikwa. Akauliza kama maji yake ni matamu au ya chumvi, kilichimbwa na watu wa nani, na zamu ya kunywesha siku ile ilikuwa ya nani. Hayakuandikwa. Akasema aliyeandika haya hajawahi kuteka maji. Halafu, Bi. Sadia, akaanza kunisimulia yeye. Alianza na kisima alichozaliwa karibu yake, akaenda kimoja hadi kingine mpaka vile vya njia ya Eldas, kila kimoja na ladha yake na ugomvi wake, na wasichana walioimba pale wakinywesha, na aliyeolewa na nani baadaye. Akaongea siku kadhaa. Kila nikifungua kitabu ananiambia ningoje kwanza, hajamaliza. Tarehe ya kurudisha ikafika na mimi sijui hata nani aliitwa mwisho na kile kisima. Nalalamikia muda wa kuazima uliopotea bure.

5. Lalamiko hili ndilo kubwa, na naomba ulisome umekaa. Mara ya tatu nilimwachia Kinsi achague. Yeye alichukua kitabu chenye jalada linalofanana na mapazia yetu, *Mazishi ya Pili ya Faki Juma*. Ulimwona akikichukua. Hukumwambia kwamba ni cha nne katika vitabu saba vinavyofuatana, na kwamba watu wa humo wameshajuana tangu zamani. Wanaingia, wanasalimiana, wanaulizana habari za mambo yaliyotokea katika vitabu ambavyo sisi hatukuvisoma, na mimi msomaji nimesimama pembeni kama mtu aliyekosea harusi.

Wewe ni binti wa Garissa. Unajua mama wa Kisomali akisikia jina la mtu anauliza nini. Huyo ni mwana wa nani. Na huyo baba yake ni mwana wa nani. Anakwenda hivyo mpaka babu wa kumi. Nikimwambia sijui, ananiambia basi nisimsomee habari za watu nisiowajua, huko ni kusengenya. Nami kwa kutaka tu tusonge mbele, nikaanza kuwapa watu wa Bwana Kombo nasaba zetu. Daktari wa kijijini nilimtia ukoo wa mama mwenyewe, akafurahi, akasema ndiyo maana ana adabu. Mwalimu nilimpa ukoo wa marehemu baba. Tukafika kwa huyo Faki Juma, ambaye anafufuka kaburini na kula mbuzi wa majirani wakiwa hai. Mama akauliza ni mwana wa nani. Wakati ule, wallahi, hakuna ukoo uliobaki kichwani mwangu isipokuwa wa mke wangu.

Mama hasahau nasaba. Siku chache baadaye baba mdogo wa Kinsi, Mzee Aweys, alikuja kumjulia hali. Mama akampa pole kwa yaliyompata jamaa yake Faki, kisha akamwuliza kwa upole kama wameshalipa mbuzi wa watu. Mzee Aweys hakuelewa, akajibu inshallah, akaenda zake. Nyumbani akafikiri. Akauliza huku na huku. Wiki ileile alirudi na wazee wenzake, wakaketi sebuleni kwangu na kutangaza kwamba ukoo wao umetukanwa, kwamba hawajawahi kuwa na mtu aliyefufuka, na kwamba hata angefufuka asingekula mbuzi wa watu. Nikawaletea kitabu waone ni hadithi. Mmoja wao akauliza, kama ni hadithi, sisi tumeingiaje humo.

Nikachinja kondoo wa kuomba radhi. Unajua mwenyewe kwamba katika mambo ya heshima hakuna njia nyingine. Lakini wazee hawakuridhika, walitaka hukumu, na hukumu ikatoka mahali ambapo hakuna aliyetazamia. Mama aliinuka akaketi kitandani, mgongo wima, akaomba wote wanyamaze. Akasema kwamba aliyekosa ni mwanawe, ambaye tangu utoto hujibu haraka asilolijua. Akasema Faki Juma aondolewe katika ukoo wa Mzee Aweys leo hii mbele ya mashahidi na arudishwe kwa watu wa pwani waliomzaa, na kondoo aliwe palepale asitoke nje ya mlango. Wazee wakasema ni haki. Mama akala ubavu mzima. Mimi nilibaki na aibu na ngozi ya kondoo.

6. Kwa sababu ya kesi hiyo habari zilienea, na sasa kila siku baada ya alasiri watu huja kusikiliza. Mzee Aweys ndiye anayefika kwanza, anasema anakuja kuhakikisha ukoo wake hauguswi tena. Wanakunywa chai, wanabishana na mama kuhusu wafu, na mama hamwachii mtu neno. Ameamuru kitanda kigeuzwe kielekee mlango, ili awasikie wanaoingia kabla hawajakaa. Kitanda ni cha mbao ya mvule. Nilikibeba mimi, na kiuno changu hakijarudi mahali pake.

7. Vitabu vinamtisha asiyehusika. Mchungaji wangu Huka ni Mborana wa pande za Wajir, mtu aliyewahi kumfukuza fisi kwa kiatu chake na akarudi kukiokota. Amekuwa akisikiliza akiwa dirishani. Majuzi alinijia akaniambia, "Mzee, kazi mimi nafanya, lakini ile mbuzi kubwa inaniangalia kama Faki." Kwa hiyo sasa jioni haingii bomani peke yake, tunaingia wawili. Ningemlaumu, ila mimi nami siingii bila yeye. Kinsi hutushikia tochi mlangoni na kucheka mpaka tumalize kuhesabu mbuzi, ambao kwa hivyo tunawahesabu vibaya.

8. Kitabu tulicho nacho sasa ni *Mgeni wa Mlango wa Nyuma*. Hiki nilikichukua bila kuchagua. Nilifumba macho nikanyoosha mkono, kwa kuwa njia nyingine zote zilikuwa zimekwisha. Kinahusu mwanamke anayeishi peke yake na kusikia mtu akibisha hodi mlango wa nyuma, katika nyumba isiyokuwa na mlango wa nyuma. Nakiri kwamba ni kizuri. Mama hakuuliza nasaba. Hakuuliza kwa nini hahami. Alikiinamisha kichwa upande wangu, na Mzee Aweys naye alisahau chai ikapoa. Nikaanza kuwa na matumaini. Zikiwa zimebaki kurasa chache adhana ikalia, nikakiweka kitabu juu ya kitanda cha mama nikaenda kuswali.

Ile mbuzi kubwa ya Huka, yaani huyo mbuzi dume aliyetajwa hapo juu, aliingia ndani akazila kurasa za mwisho. Kinsi anasema alisikia kelele, akakimbia, akamkuta mama amesimama katikati ya chumba. Amesimama, Bi. Sadia, kwa miguu yake, mama ambaye tangu Balambala haendi hata msalani bila kushikwa pande mbili. Fimbo mkononi, mbuzi amebanwa kwenye kona, na mama anamwamuru ateme. Nilipotaka kumpeleka mbuzi huyo sokoni Jumatano, mama alikataa katakata. Anasema mwisho wa hadithi umo tumboni mwake na hauzwi kwa mnunuzi wa kutoka Thika.

Kwa hiyo nalalamika kwamba kati ya vitabu vyote vilivyopita nyumbani kwangu, kilicholiwa ni hicho. Nitakirudisha kilivyo.

9. Sasa nijumlishe, kama tunavyojumlisha soko likiisha. Tangu nianze kumsomea vitabu vya Bwana Kombo, mama yangu amekasirika, amebishana na wafu na walio hai, amesimulia visima vya maisha yake, amehukumu kesi ya wazee, amekula kondoo na amempiga mbuzi. Kuogopa, hajaogopa hata mara moja. Mkono wangu hajaushika. Lengo langu lilikuwa moja tu, na halikufikiwa.

Nami ndiye ninayeogopa. Hili sikumwambia hata Kinsi. Kila asubuhi kabla sijaenda sokoni nasimama mlangoni kwa mama nasikiliza kama anapumua, na nikishasikia narudi mara ya pili kuhakikisha nilisikia kweli. Hofu yote niliyoazima kwako kwa ajili yake imebaki kwangu, na hakuna muhuri wa kuirudisha.

Kwa sababu hizo naiomba ofisi yako yafuatayo:

(a) Rafu ya Bwana Kombo ipunguzwe ibaki na vitabu vitatu visivyozidi, vile tu ambavyo mtu mwenye haraka hawezi kuvikosa. Vingine vyote vipelekwe Elwak, ambako barabara yenyewe inatosha kumchuja msomaji.

(b) Katika hivyo vitatu unichagulie kimoja, wewe mwenyewe, kwa kinywa chako. Uje nyumbani kwangu, tushikane mikono chini ya shuka mbele ya Mzee Aweys, na udhamini kwamba kinatisha. Mama asiposhtuka, kitabu ni chako na lawama ni yako, kama ilivyo kwa sisi wengine tunaofanya kazi ya kuwatafutia watu wanachohitaji.

(c) Umwandikie Bwana Mwandaro Kombo kwa heshima zote kwamba sasa inatosha. Ameshaandika. Apumzike, afuge kuku, awaangalie wajukuu. Kila kitabu anachoongeza kinatuzidishia kazi ya kuchagua sisi tuliobakiwa na muda mfupi.

Nimalizie kwa salamu. Msalimie mlinzi wa lango, aliyenipekua koti akakuta kamba ya mbuzi na akanirudishia bila maswali. Msalimie mama anayekuuzia chai, sukari yake ni ya kweli. Wasalimie wazazi wako, na uwaambie kwamba ukiacha hili la kukataa kuchagua, wamelea. Kinsi anakusalimu, anaomba umwonyeshe vitabu vingine vyenye rangi ile ya mapazia. Huka anakusalimu akiwa ndani.

Ni mimi, mwenye malalamiko na heshima kwa pamoja,

Rage Mahat

Baada ya sahihi: Naomba uisahau barua hii, lakini usiitupe kabla hujamaliza kusoma hapa chini.

Siku hizi karatasi haitoki nyumbani humu bila kusomwa mbele ya mama. Alinisikia nikiandika, akataka asomewe. Nikamsomea kwa Kisomali. Pale palipohusu kulala kwake ukutani na mpango wangu wa kumtisha, nikaruka. Akaniambia nirudi nisome nilichoruka, kwa kuwa alisikia karatasi ikigeuka na mdomo haukugeuka. Nikarudi nikasoma. Nikasoma na hapo pa kusimama mlangoni asubuhi. Akasema anajua, huwa ananisikia, na mara ya pili huwa anakohoa kidogo makusudi ili nisichelewe sokoni.

Lakini lalamiko la kwanza, lile la idadi, ndilo alilonirudisha kulisoma tena. Akauliza, sitini? Nikasema na zaidi. Akauliza kama mtu huyo bado anaandika. Nikasema viwili kila mwaka. Nikajuta kumfichulia idadi. Halafu mkono wake ukanitafuta, ukanikuta, ukauvuta mkono wangu chini ya shuka yake, na vidole vikaanza kubonyeza.

Bi. Sadia, kazi hii ya udalali nimeifanya tangu ujana wangu na sikujua kwamba mama yangu anaijua lugha ya vidole. Nilimpa vitabu vitatu, kama nilivyokuandikia. Akakataa. Nikampa kumi. Akanibana kidole cha mwisho mpaka nikaumia. Nilipanda, nikapanda, Kinsi amesimama mlangoni na sinia ya chai haelewi kinachoendelea, na mama hakuniachia mkono mpaka alipovipata vyote, vibaya na vizuri, na vile ambavyo Bwana Kombo hajaviandika bado.

Nikamwuliza kama anaogopa kitu. Akasema ndiyo. Anaogopa sauti yangu isije ikaisha kabla ya vitabu, na ameagiza niwe nanunuliwa maziwa ya ngamia kila jioni.

Kwa hiyo maombi (a), (b) na (c) nayafuta. Mwambie Bwana Kombo asifuge kuku. Kile kilicholiwa na mbuzi usituambie kilivyoisha, hata tukikuuliza kwa hila, na Mzee Aweys atakuuliza. Tutakifikia kwa zamu yake. Kesho asubuhi Huka atakuja kwako na punda kuchukua kile cha kisima, tuanze na mzaliwa wa kwanza, na safari hii mama amesema ataniacha nikimalize. Usituchagulie. Hatuna haraka.